Mwezi wa 11 kesi ikitajwa tu: je, sheria ya Kenya ina siku ya mwisho?

Swali: "Kaka yangu alikamatwa Alhamisi mwendo wa saa tatu usiku, akafikishwa mahakamani Jumatatu. Polisi waliomba siku 14 wakamilishe uchunguzi, wakapewa, kisha akashtakiwa kwa wizi wa mabavu. Huu ni mwezi wa 11. Kesi inatajwa na kuahirishwa, na hakuna shahidi hata mmoja aliyepanda kizimbani. Dhamana tuliyopewa hatuiwezi, kwa hivyo yuko rumande. Jirani ametuambia kesi ikimaliza mwaka bila kusikizwa hutupwa, tungoje tu. Ni kweli? Na zile siku za mwanzo, kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, hazikuvunja sheria?"

Msingoje. Hakuna sheria Kenya inayosema kesi ya jinai ikifikisha mwaka bila kusikizwa inajitupa yenyewe, na familia inayokaa ikihesabu miezi kwa imani hiyo inapoteza nafasi moja baada ya nyingine kila kesi inapotajwa. Nadhani jirani yenu amechanganya mambo mawili. Kikomo cha miezi 12 kipo kweli, lakini ni cha kufungua mashtaka, si cha kumaliza kesi, tena kinahusu makosa madogo kabisa, nitakigusa mbele. Halafu kuna namba zinazozunguka mitandaoni, hasa ile ya siku 70, ambayo ni ya mahakama za shirikisho za Marekani chini ya sheria yao ya 1974. Ukiitaja katika mahakama za Makadara au Milimani, Nairobi, hakimu atakusikiliza kwa adabu tu.

Huku kwetu muda unapimwa kwa hesabu tatu tofauti, ambazo nitaziita saa. Ya kwanza huanza mtu anapokamatwa. Ya pili huanza hakimu anapowaruhusu polisi waendelee kumzuilia mtu ambaye bado hajashtakiwa. Ya tatu huhesabu mwendo wa kesi yenyewe baada ya mashtaka kusomwa. Na hapa ndipo watu hukereka: saa zile mbili za mwanzo zina namba kamili, lakini zikivunjwa kesi haifi. Ya tatu inaweza kuiua kesi, lakini haina namba. Ukilielewa hilo utajua nguvu zenu mziweke wapi.

Saa 24, na hesabu ya Alhamisi usiku

Kifungu cha 49(1)(f) cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Kisha kinaongeza: kama saa hizo 24 zinaishia nje ya saa za kawaida za mahakama, au katika siku ambayo si ya mahakama, basi mwisho ni kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata.

Tuihesabu kesi ya kaka yako. Alikamatwa Alhamisi saa tatu usiku. Saa 24 zinaishia Ijumaa saa tatu usiku, mahakama imeshafungwa. Siku ya mahakama inayofuata ni Jumatatu. Kwa namba peke yake, polisi wako ndani ya muda, na kama Jumatatu ingekuwa sikukuu, muda ungesogea hadi Jumanne jioni. Lakini mtu aliyekamatwa Alhamisi saa nne asubuhi alipaswa kufika kortini kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, na kumpeleka Jumatatu ni kuvunja Katiba moja kwa moja. Tofauti ya saa kumi na moja tu inaweza kumlaza mtu seli wikendi nzima, na maafisa wanaoijua hesabu hii hawakosi. Ndiyo maana ukamataji wa jioni ya Alhamisi na wa Ijumaa una sifa mbaya.

Hata hivyo msiishie kwenye namba. Saa 24 ni ukuta wa mwisho. Kanuni yenyewe ni "mapema iwezekanavyo". Kama mahakama iliketi Ijumaa kutwa, kituo hakiko mbali nayo, na polisi hawakuwa na sababu ya kumweka, basi wana swali la kujibu: nini kiliwazuia kumleta Ijumaa? Hoja hiyo ni halali, ingawa ina uzito mdogo kuliko ya mtu aliyepitishwa saa 24 waziwazi.

Jingine linalopotoshwa sana ni mwanzo wa hesabu. Saa inaanza pale mtu anapokamatwa, yaani anapozuiwa asiondoke, si pale jina lake linapoandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, kile ambacho kila mtu hukiita OB. Mtu aweza kukamatwa saa moja jioni, akazungushwa kwenye gari hadi usiku wa manane, akaingizwa kwenye OB saa saba usiku, na baadaye hati ya mashtaka ikabeba tarehe ya siku iliyofuata. Kumhamisha kutoka kituo hadi kituo hakusimamishi saa, wala umbali wa safari. Kwa hivyo andikeni sasa hivi, kabla kumbukumbu hazijafifia: nani alimwona akikamatwa, wapi, saa ngapi, simu yake ilipokewa mara ya mwisho lini, nani alimpelekea chakula na kituo gani. Ulizeni pia nambari ya OB. Hati ya mashtaka huwa na nafasi ya kuandika tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kufikishwa mahakamani. Linganisheni tarehe hizo na yale mliyoandika.

Sasa, tuseme saa 24 zilivunjwa. Je, kesi inaanguka? Kwa muda mfupi jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka 2006, katika rufaa ya Albanus Mwasia Mutua, Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mtu aliyekuwa amehukumiwa kwa wizi wa mabavu kwa sababu polisi walikaa naye takriban miezi minane kabla ya kumpeleka kwa hakimu, na hawakueleza kwa nini. Wakati huo Katiba ya zamani ilikuwa ikitoa saa 24 kwa makosa ya kawaida na siku 14 kwa yale ya kunyongwa. Baada ya uamuzi huo mawakili walimiminika mahakamani na hesabu za siku, na washtakiwa kadhaa waliachiliwa. Kisha mwaka 2010, katika rufaa ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyohiyo ikarudi nyuma: kuzuiliwa kupita muda ni kosa la polisi dhidi ya mtu huyo, na dawa yake ni fidia, si kufuta kesi ambayo ushahidi wake haukutokana na kuzuiliwa huko. Msimamo huo ndio unaoongoza hadi leo. Kama ukiukaji ulizaa ushahidi, kwa mfano maungamo yaliyotolewa katika zile siku za ziada, hapo mambo ni mengine: maungamo yenyewe yanaweza kukataliwa, na kesi iliyojengwa juu yake ikabaki haina miguu.

Zile siku 14

Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Sura ya 75, kiliingizwa mwaka 2014 pamoja na mabadiliko ya sheria za usalama. Kinamruhusu polisi amlete mshukiwa ndani ya saa 24 na kuomba azuiliwe zaidi bila mashtaka. Ombi liwe la maandishi, liambatane na hati ya kiapo ya afisa, na kiapo hicho kieleze aina ya kosa, ushahidi uliopo kwa jumla, uchunguzi uliokwisha kufanywa, uliobaki, na kwa nini hauwezi kufanyika mtu akiwa nje. Hakimu ana njia tatu: amwachilie bila masharti, amwachilie kwa masharti, au aamuru azuiliwe. Amri ya kwanza haipiti siku 30. Ikiongezwa, jumla yote haipiti siku 90. Kesi za ugaidi zina utaratibu wake katika sheria ya kuzuia ugaidi, na viwango vyake ni hivyohivyo.

Siku 14 ziko ndani ya kikomo. Kinachofaa kuangaliwa ni kilichoandikwa siku ile. Ombeni nakala ya mwenendo wa faili hiyo ya maombi, ambayo kwa kawaida huwa na nambari tofauti na ya kesi yenyewe. Humo tazameni mambo matatu. Kulikuwa na kiapo, au kiongozi wa mashtaka alisimama tu akazungumza? Kaka yako aliulizwa kama anapinga, na jibu lake liliandikwa? Na siku ya 14 ilipofika, alirudishwa kortini siku hiyohiyo au baadaye? Kila siku iliyopita amri ni siku ya kuzuiliwa bila idhini ya mtu yeyote.

Kosa ninaloliona zaidi katika hatua hii ni la upande wa familia: kunyamaza. Polisi huomba siku 21 wakitarajia kupewa 10, na mshukiwa asiye na wakili hujibu "sina la kusema". Laiti angeuliza swali moja tu: mheshimiwa, ni uchunguzi gani huo ambao hauwezekani nikiwa nyumbani? Kuchukua alama za vidole hakuhitaji wiki mbili za seli. Kusubiri matokeo ya maabara kunafanyika maabara. Kutafuta washukiwa wengine, au hofu ya kweli kwamba mashahidi watatishwa, hiyo ni sababu. Mahakimu wengi hupunguza siku wakisikia swali hilo.

Saa isiyo na namba

Tufike penye uzito. Kifungu cha 50(2)(e) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa isivyostahili. Basi. Hakuna siku 60, hakuna mwaka mmoja. Kilicho na namba ni ahirisho moja moja: kifungu cha 205 cha Sura ya 75 kinasema mahakama ya hakimu isiahirishe kesi kwa zaidi ya siku 30 ikiwa mshtakiwa yuko nje, au zaidi ya siku 15 ikiwa yuko rumande. Hapo ndipo ilipotoka desturi ya kumleta mahabusu kila wiki mbili kwa kutajwa tu. Sheria imeweka kikomo cha urefu wa ahirisho, haikuweka kikomo cha idadi. Mtu anaweza kutajiwa kesi mara 22 na kila ahirisho likawa halali.

Mahakama Kuu inapoombwa kusimamisha kesi kwa ajili ya kuchelewa, hutazama mambo manne kwa pamoja. Muda wenyewe ni mrefu kiasi gani, ukilinganisha na ugumu wa kesi? Nani alisababisha? Mshtakiwa alilalamika, au alikaa kimya naye akiomba tarehe zisogee? Na ameumia vipi: yuko ndani, shahidi wake amekufa au kuhama, risiti na picha za kamera zimepotea? Hakuna moja linaloamua peke yake. Miezi 11 kwa kesi ya wizi wa mabavu ni aibu, lakini ukiniuliza kama Mahakama Kuu itaisimamisha leo, sidhani. Upande wa mashtaka utaonywa na kesi kupewa tarehe za karibu. Ila miezi hiyo 11 ikiwa na rekodi nzuri ndiyo msingi wa ombi la mwezi wa 20.

Mfano unaotajwa sana ni wa Stanley Githunguri, katikati ya miaka ya 1980. Alishtakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni yaliyodaiwa kutendeka karibu miaka tisa nyuma, huku Mwanasheria Mkuu akiwa ameshamwarifu kwamba hatashtakiwa na faili ikafungwa. Mahakama Kuu ilizuia mashtaka yale. Angalia vizuri lakini: kilichomwokoa si miaka tisa peke yake. Ni miaka hiyo pamoja na ahadi aliyopewa, na ukweli kwamba kwa kuitegemea ahadi hiyo huenda hakuhifadhi tena ushahidi wa kujitetea. Anayeitaja kesi hiyo kana kwamba uzee wa kosa unatosha hajaisoma.

Kwa hivyo katika yale mambo manne, mawili mko nayo mikononi: la kulalamika na la kuonyesha madhara. Yote mawili hujengwa kwa maandishi ndani ya faili ya mahakama, siku kwa siku. Malalamiko ya ukumbini baada ya kesi kuahirishwa hayahesabiki. Hakimu akiandika "shahidi hayupo, itajwe tarehe fulani" na hakuna neno la mshtakiwa, jaji atakayeisoma baadaye ataona mtu aliyeridhika.

Kinachokwamisha na la kusema

Kabla ya tarehe ijayo, nendeni kwa karani mkaombe kusoma faili, au nakala ya mwenendo. Chukueni karatasi, andikeni tarehe zote upande mmoja, na upande wa pili sababu ya kila ahirisho na nani aliliomba. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko hotuba yoyote. Mtagundua labda kwamba maahirisho manne yaliombwa na wakili wa mshtakiwa mwenzake, mawili hakimu alikuwa likizoni, na mengine yote ni "faili ya polisi haipo". Kila sababu ina dawa yake.

Faili ya polisi kutokuwepo ni uzembe wa kawaida kabisa: kiongozi wa mashtaka hana karatasi, kwa hiyo hajui mashahidi ni nani. Ombeni afisa mchunguzi aitwe kwa jina aje aeleze yeye mwenyewe. Afisa anayejua atasimamishwa mbele ya hakimu huikumbuka faili haraka.

Shahidi kutofika, ulizeni kama alipelekewa samansi na nani, lini. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyempelekea. Basi hilo si kosa la shahidi, na hakimu akiambiwa hivyo wazi hukasirikia panapostahili.

Nakala za ushahidi kutotolewa ni sababu inayowachanganya wengi. Kifungu cha 50(2)(j) kinampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake, yaani taarifa za mashahidi, ripoti za daktari, orodha ya vielelezo. Kama hajapewa, kesi haiwezi kuanza kwa haki, na upande wa mashtaka hunufaika na kuchelewa kwake wenyewe. Ombeni hakimu aweke tarehe ya mwisho ya kuzikabidhi. Msikubali kuambiwa mzilipie ndipo mpewe bila kulileta suala hilo mbele ya hakimu.

Kubadilishwa kwa hati ya mashtaka, hasa anapokamatwa mshukiwa mwingine na kuunganishwa, hurudisha kesi mwanzo: kujibu mashtaka upya, nakala upya, tarehe upya. Likitokea mara ya pili, pingeni. Ombeni yule wa pili ashtakiwe kivyake.

Kuna kuhamishwa kwa hakimu, ambako huja mashahidi wakiwa wameshaanza. Kifungu cha 200 cha Sura ya 75 kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena. Watu hudhani ni lazima kusema ndiyo. Kuanza upya kunaweza kula mwaka mzima. Kuendelea palipoishia kunamfanya hakimu aamue kuhusu watu ambao hakuwaona wakihojiwa. Kama mashahidi waliopita waliyumba kizimbani na rekodi inaonyesha, endeleeni. Kama kesi nzima inasimama juu ya mtu mmoja aliyesema "nilimtambua usiku kwa mwanga wa taa", huyo ni wa kuonekana na kusikizwa na anayeamua.

Siku ya kutajwa, kaka yako aseme maneno mafupi, polepole, ili hakimu ayaandike. Mathalani: "Mheshimiwa, niko rumande tangu tarehe fulani. Hili ni ahirisho la kumi na tisa, na kumi na nne kati yake yameombwa na upande wa mashtaka. Napinga ahirisho. Likitolewa, naomba liwe la mwisho na liandikwe hivyo." Akisema hivyo amefanya kazi ya ukurasa mzima. Maneno "ahirisho la mwisho" si mapambo. Yakiwa kwenye rekodi, na upande wa mashtaka ukaja mikono mitupu tena, mnaomba hakimu akatae kuahirisha. Akikataa, kiongozi wa mashtaka hana budi kumleta shahidi aliyepo au kufunga upande wake, na akifunga bila ushahidi, kifungu cha 210 cha sheria hiyohiyo kinamtaka hakimu amwondolee mshtakiwa hatia.

Hapo ndipo pana mtego, na ni heri muujue kabla ya kufika. Kiongozi wa mashtaka aliyebanwa hivyo mara nyingi husimama na kuomba kuondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a). Familia hushangilia. Lakini kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anaachiliwa tu, hajaondolewa hatia, na anaweza kukamatwa upya kwa kosa lilelile, hata mlangoni pa mahakama. Baada ya hatua ya kujitetea, kuondolewa kwa kesi ni kuondolewa hatia kabisa. Kumbukeni basi kwamba kuondoa kesi si haki ya upande wa mashtaka peke yake: kifungu cha 87 kinataka ridhaa ya mahakama, na Kifungu cha 157(8) cha Katiba kinamkataza Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kusimamisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Mshtakiwa ana haki ya kupinga na kusema: mheshimiwa, hii inaondolewa ili kukwepa amri yako ya ahirisho la mwisho, naomba waambiwe waendelee au wafunge.

Dhamana ndiyo ya kushughulikiwa kwanza

Nimeieleza saa ya tatu kwa kirefu kwa kuwa ndiyo mliyoniuliza, lakini kama ningekuwa na siku moja tu ya kuwasaidia, ningeitumia kwenye dhamana. Mtu aliye nje hahitaji saa yoyote imwokoe.

Chini ya Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba kila kosa lina dhamana, likiwemo wizi wa mabavu na hata mauaji, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Na masharti yawe ya kiasi. Kiwango kisichofikika ni sawa na kumnyima mtu dhamana kwa mlango wa nyuma, na hoja hiyo husikizwa. Anzeni kwa hakimu mwenyewe, mkiomba apitie upya kiwango. Mwonyesheni kilichobadilika: miezi 11 imepita, mashahidi hawajaja, mshtakiwa ana makazi yanayojulikana, na ombeni ripoti ya maafisa wa probesheni kuhusu familia yake, kazi yake na hatari ya kutoroka. Hakimu akikataa, kifungu cha 123(3) cha Sura ya 75 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza kiwango. Ombi hilo linahitaji nakala ya uamuzi wa hakimu na hati ya kiapo inayoeleza mapato halisi ya familia, kwa tarakimu. "Sisi ni maskini" haimsaidii jaji. "Mama anauza mboga, anapata kiasi hiki kwa wiki, nyumba ni ya kupanga" inamsaidia.

Ulizeni pia kuhusu kubadilisha aina ya dhamana. Pesa taslimu, bondi yenye mdhamini mmoja, na bondi yenye wadhamini wawili ni vitu vitatu tofauti, na mara nyingi familia haina pesa lakini ina mjomba mwenye hati ya shamba au gari. Mdhamini aende na kitambulisho, picha, na hati yenyewe pamoja na uthibitisho wa thamani yake. Kinachochelewesha uidhinishaji kwa kawaida ni hati iliyo kwa jina la marehemu babu ambayo haijahamishwa, au shamba ambalo tayari limewekwa rehani. Angalieni hilo kabla ya kumpandisha mtu matatu.

Kama hamna wakili, Kifungu cha 50(2)(h) kinatoa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo ukosefu wake ungesababisha dhuluma kubwa, na kosa lenye adhabu ya kifo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Aombe kwa mdomo, mbele ya hakimu, iandikwe. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, nayo hupokea maombi.

Kwa haraka, kuhusu ule mwaka mmoja wa jirani. Kifungu cha 219 cha Sura ya 75 kinahusu makosa ambayo adhabu yake ya juu haizidi miezi sita gerezani au faini ya Sh1,000, au vyote viwili. Hayo yasiposhtakiwa ndani ya miezi 12 tangu yatendeke, mahakama ya hakimu haiwezi kuyasikiza, isipokuwa sheria nyingine itoe muda mrefu zaidi. Wizi wa mabavu hauhusiki, na makosa makubwa hayana muda wa kuzeeka. Vilevile Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake linaadhibiwa kwa faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ikiwa mshtakiwa ni mtoto, Kifungu cha 53(1)(f) kinataka azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Kesi za mauaji huanzia Mahakama Kuu, na mshukiwa hupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka, jambo linaloongeza wiki kadhaa mwanzoni.

Fidia kwa siku za mwanzo

Kama hesabu ya OB na kumbukumbu zenu itaonyesha kwamba polisi walipita muda, dai la fidia ni la kaka yako, na halingoji kesi iishe. Njia ni mbili na muda wake haufanani. Madai ya kawaida dhidi ya serikali, kwa mfano kuzuiliwa kinyume cha sheria, yana miezi 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Mamlaka za Umma, Sura ya 39. Mko mwezi wa 11, kwa hivyo mwone wakili wiki hii. Ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu chini ya Vifungu vya 22 na 23 halina siku maalumu ya mwisho, ingawa ukikawia bila sababu utaulizwa. Kifungu cha 22(3) kinasema kusitozwe ada ya kulianzisha, na mahakama inaweza kulipokea hata likiwa limeandikwa kwa njia isiyo rasmi. Malalamiko dhidi ya afisa mwenyewe, kwa mfano aliyeandika saa ya uongo kwenye OB, hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA. Ambatisheni ile karatasi ya saa na mashahidi niliyosema muiandike, na nakala ya hati ya mashtaka yenye tarehe ya kukamatwa.